Mikono Yenye Siagi

Kwetu Kamembe kila mtu ni daktari wa ngozi. Sijui wanasomea wapi. Asubuhi nilikuwa nikisimama kwenye foleni ya mpaka, pale Rusizi ya Kwanza, trei za mayai kichwani na binti yangu mgongoni, nikisubiri kuvuka kwenda kuuza Bukavu, upande wa Kongo. Kabla sijafika kwenye dirisha la vibali nilikuwa nimeshatibiwa na wanawake nisiowajua hata kwa sura. Wanainua kitambaa cha mtoto bila kuniomba. Wanakagua viwiko, shingo, nyuma ya magoti, pale ngozi ilipokuwa nyekundu, imepasuka na kutoa maji. Kisha wanaanza.

"Maman, ni mayai hii. Mayai njo inamuchoma."

"Hapana, ni sambaza. Samaki ya ziwa haiko ya mutoto mudogo."

"Na karanga! Utoshe karanga yote."

"Weye, si unauzisha mayai? Mikono yako yote ni mayai, halafu unamubeba mutoto. Akili iko wapi?"

Na kulikuwa na mbeba mizigo mmoja wa pale darajani, mtu wa kelele, ambaye kila siku alikuwa na lake. "Maman Mayai, mutoto yako anabambuka kama muhogo. Tumupike tu, maganda imeshatoka!" Foleni nzima ikacheka. Nilicheka na mimi. Ukilia mpakani unachelewa soko, na mayai hayangoji machozi.

Egzema, pumu ya ngozi, ilimwanza kabla hajajua kukaa. Mashavu kwanza, kisha mikunjo yote ya mwili. Alikuwa akijikuna mpaka nguo inashikamana na damu, nikawa namvalisha soksi mikononi kama mwizi aliyefungwa. Kituo cha afya walinipa dawa ya kupaka, ikapunguza, dawa ikaisha, ikarudi. Kila iliporudi, mtu mwingine alikuwa na jina la chakula kingine mdomoni.

Nikaanza kutoa. Nimesoma mpaka mwisho wa sekondari, biolojia nilikuwa nayo, lakini mtoto anapojikuna mbele yako kitabu hukikumbuki. Nilitoa yai. Nilitoa sambaza, ambazo alizipenda na vichwa vyake. Nilitoa karanga, kisha maharage kwa sababu jirani alisema maharage ni ndugu wa karanga. Nilitoa nyanya, nanasi, na chungwa. Maziwa nilikuwa nimeshayatoa, maana hayo niliyaona kwa macho yangu: alipoonjeshwa mara za kwanza midomo ilimvimba, akatapika, mwili ukamtoka mabaka. Vingine vyote nilivitoa kwa maneno ya watu. Sahani yake ikabaki na ugali wa muhogo, ndizi ya kupika, viazi vitamu, majani ya dodo kidogo na chumvi.

Mimi muuza mayai. Nilikuwa nikivusha chakula cha watoto wa Bukavu na kumnyima wa kwangu.

Alikuwa anajifunza kusema wakati ule. Watoto wenzake walikuwa wanaonyesha vitu na kuvitaja: mbwa, gari, mwezi. Wangu akiona yai hakusema yai. Alisema, "Hapana." Akiona karanga kwenye ungo wa jirani, "Hapana." Alikuwa anajua kilo nzima ya vyakula kwa jina hilo moja. Nilijisifu nalo. Nilikuwa nawaambia wenzangu darajani, mtazameni mtoto wangu, ana akili, anajikataza mwenyewe.

Alipoanza kutembea sikuweza tena kumvusha. Vumbi, jua, jasho la mgongo wangu, vyote vilimwasha. Nyumba yetu iko Gihundwe, mume wangu anaendesha moto, pikipiki ya abiria, kutwa, hakuna wa kumwachia. Basi tukampeleka kwa mama mkwe wangu, kule mlimani Nkungu, awe huko siku za soko na mimi niwe nampandia Ijumaa jioni.

Mama mkwe ni mjane, ana shamba na ng'ombe mmoja. Anasema Kinyarwanda, Kiswahili anakisikia ila anakiogopa. Hapa ninamwandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachojua kukasirikia nacho. Siku nilipomwambia mtoto hanywi maziwa, alikuwa na kata ya maziwa mkononi aliyokwisha kumkamulia.

"Mjukuu wangu hanywi maziwa," alisema. "Watu wakiniuliza niwaambie nini?"

"Waambie ni mgonjwa, Maman."

"Mwana wanjye, mgonjwa ndiye hupewa maziwa."

"Huyu hapewi. Wala ya moto, wala ya mgando. Hata tone kwenye uji."

Kwa watu wa milimani maziwa si kinywaji tu. Ndiyo karibu yako, ndiyo baraka, ndiyo neno la bibi kwa mjukuu kabla ya maneno. Nilikuwa nimemwambia azibe mdomo. Na alitii. Hilo nataka lijulikane. Nilimchunguza kama askari wa forodha: nilinusa vikombe, niliuliza majirani, nilimhoji mtoto. Hakupewa hata tone. Kikombe cha mtoto alikitundika peke yake kwenye msumari ili kisiguse kata.

Na bado, kila Ijumaa nilipopanda, ngozi ilikuwa mbaya kuliko nilivyoiacha. Akikaa nami Jumamosi na Jumapili inatulia kidogo. Jumatatu anarudi, Ijumaa ni vidonda tena. Nilisema ni baridi ya mlimani. Nilisema ni manyoya ya ng'ombe. Nikatoa viazi vitamu.

Nilikuwa nikimkuta jioni yuko kwenye mkeka, katikati ya miguu ya bibi yake, ametoka kuogeshwa. Mama mkwe anachukua kibuyu kidogo chenye kifuniko, anachota siagi ya ng'ombe kwa vidole viwili, anaisugua viganjani mpaka iyeyuke. Kisha anaanza na nyayo. Anapanda pole pole, shavu la mguu, goti, nyuma ya goti, na pale penye vidonda anapitisha kidole gumba kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha. Mtoto anatulia. Huyu ambaye mimi nikimshika analia, kwa bibi yake alikuwa anafumba macho.

"Wewe ulipakwa hii?" aliniuliza siku moja.

"Hapana, Maman. Mimi ni wa mjini. Nilipakwa mafuta ya mgando ya dukani."

"Ndiyo maana magoti yako yako kama mjusi."

Tulicheka sana. Nakumbuka nilimshukuru. Siagi ile alikuwa anaisuka mwenyewe kwenye gisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, anakitikisa pajani asubuhi nzima kwa mtoto mmoja tu. Watoto wake wote walikua kwa siagi hiyo na ngozi zao zinang'aa mpaka leo. Kibuyu cha siagi hakikai jikoni. Kinakaa kwenye rafu ya chumba cha kulala, kando ya kitana na sabuni.

Kisha mjumbe wa afya wa mtaani kwetu, yule mama anayepita kupima watoto, akamzungushia binti yangu mkanda wa kupimia mkono. Mkanda ukasimama kwenye njano. Akaupima tena. Njano. Akaniangalia mimi na trei zangu za mayai zilizopangwa ukutani.

"Maman, huyu ana njaa," alisema.

Nilitaka kumpiga. Nilimwambia hana njaa, ana egzema. Akaniandikia karatasi ya kwenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana, ana macho ya mtu asiyelala vizuri. Aliuliza mtoto anakula nini, nikamwambia, ilikuwa fupi. Akauliza ninamnyima nini. Nilisema mpaka akaweka kalamu chini.

"Nani alikuambia utoshe hivi vyote?"

"Batu."

"Batu gani, Maman?"

"Batu bote!" Nilipiga kelele. "Ku foleni, ku soko, ku kanisa, batu bote! Nyinyi mulikuwa wapi?"

Aliokota kalamu yake. Alinieleza polepole, na leo ninavyoeleza wengine ninatumia maneno yake. Ugonjwa wenyewe uko kwenye ngozi: ni kavu, ina nyufa, haishiki maji. Kuna watoto ambao chakula fulani kinaichochea, na kuna wengi ambao hakuna chakula chochote kinachohusika. Huwezi kujua kwa kutazama mkunjo wa kiwiko foleni. Unatoa kimoja chenye sababu, unangoja, unakirudisha ukiwa na mtu wa afya karibu, unaona. Ukitoa vyote kwa pamoja hujui kitu, na mtoto anakonda. Maziwa, kwa dalili nilizomweleza, tuyaache kwanza. Vingine tuvirudishe, kimoja kimoja. Yai la kwanza, kwa usalama, tulianzie pale pale hospitali.

Nilichemsha yai nyumbani nikalibeba limefungwa kwenye leso. Tukakaa kwenye benchi, muuguzi yuko karibu. Nikamenya. Nikakata kipande kama ukucha.

"Hapana," alisema mtoto.

"Siyo hapana tena, mama. Kula."

"Hapana. Hapana." Aliweka mikono yote miwili mdomoni, ile mikono yenye makovu, akarudi nyuma mpaka ukutani. Alinitazama kama mtu aliyenikamata nikitaka kumwua.

Ilibidi nile mimi kwanza. Nilikula kipande mbele yake, nikafungua mdomo nikamwonyesha. Nikanyoosha mkono wangu nikamwonyesha ngozi. Haikuwaka. Nikala kingine. Alinitazama muda mrefu, anakagua mkono wangu, kisha akafungua mdomo wake, kidogo, macho ameyafumba.

Tulikaa tukingoja. Hakuna kilichotokea. Tukaongeza. Hakuna. Siku zilizofuata tukarudisha maharage, sambaza, karanga niliyoisaga laini, nyanya, kila kimoja kwa zamu yake. Hakuna, hakuna, hakuna. Watu wanafikiri nilifurahi. Nilikaa uani nikalia kwa hasira. Muda wote ule mtoto wangu alipokuwa anameza mate mbele ya sahani za wenzake, ilikuwa bure. Na hao madaktari wa foleni, niende nikamdai nani?

Lakini ngozi ya Ijumaa iliendelea kuwa ya Ijumaa. Nikarudi hospitali.

"Akiwa kwako unamupaka nini?" daktari aliuliza.

"Ile dawa yenu, na mafuta ya mgando."

"Na kule Nkungu?"

"Bibi yake anamupaka siagi ya ng'ombe."

Nilisema hivyo, kama ninavyokwambia wewe, bila kusikia nilichosema. Daktari aliinua uso. Aliniuliza siagi inatoka kwenye nini. Hapo ndipo nilipoanza kucheka, kicheko kibaya, mpaka muuguzi akaja kutazama.

Kikombe kwenye msumari. Nilinusa vikombe! Tulikuwa tumefunga mdomo wa mtoto kwa kufuli, na kila jioni tunamtia maziwa kwenye vidonda kwa kiganja. Daktari alisema ngozi iliyopasuka ni kama mlango ulioachwa wazi: kilichomo ndani ya siagi kinaingia, na mwili unazidi kukichukia. Hakuapa kwamba ndiyo sababu pekee. Alisema tuiache, tuone. Hakuna aliyekuwa amewaza hivyo, si mimi, si mume wangu aliyekua kwenye siagi hiyo hiyo, si yule mjumbe wa afya. Siagi ya mwili kwetu si chakula. Iko chumbani, kando ya kitana.

Ningeweza kungoja Ijumaa. Sikungoja. Nilipanda moto saa ile ile, kijana akanipandisha Nkungu nikiwa bado na kadi ya hospitali mkononi. Niliwakuta kwenye mkeka. Mtoto amefumba macho. Wanawake wawili wa jirani walikuwa uani wanapukuchua maharage.

Nilimnyakua. Alipiga ukelele.

"Ni weye!" nilimwambia mama mkwe wangu, kwa Kiswahili, kwa sauti. "Ni weye njo unamuchoma mutoto! Kila siku! Na mikono yako!"

Wale jirani waliacha kupukuchua. Mama mkwe hakuelewa upesi. Nikamweleza kwa Kinyarwanda, neno kwa neno: siagi ni maziwa, mtoto hapatani na maziwa, umekuwa ukimpaka ugonjwa. Alitazama viganja vyake vinavyong'aa. Akaanza kuvifuta kwenye kitenge chake, akafuta, akafuta tena, kila kidole peke yake.

"Hata hii iliyobaki kwenye vidole?" aliuliza.

"Hata hiyo."

Mume wangu aliniambia niende nikaombe msamaha. Msamaha wa nini? Nilisema uongo? Siagi ilipoachwa, ngozi ilianza kufunga. Haikupona yote, egzema haiondoki hivyo. Kiangazi bado inamsumbua, na lazima nimpake mafuta ya mgando kila akitoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Lakini analala. Ana mashavu. Mkanda umesimama kwenye kijani. Nilikuwa na haki, na mtu akiniuliza kesho nitasema tena nilikuwa na haki. Haki yenyewe imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa sababu mama mkwe wangu aliacha kumgusa mtoto. Siyo kumpaka. Kumgusa.

Tulimhamishia mtoto kwa mama mmoja wa Gihundwe anayelea watoto wa wanaovuka. Nkungu tukawa tunakwenda Jumapili, kusalimia. Gisabo kimetundikwa ukutani, kimekauka. Maziwa yote anauza. Mtoto akimkimbilia, akimwita Nyogokuru, yaani bibi, yeye anaficha mikono kwapani, chini ya kitenge, anamsalimia kwa kinywa tu. "Amakuru, mwana? Umekua." Chakula chake anamwambia mtoto mkubwa wa jirani amwekee. Yeye mwenyewe akikohoa anageuka.

Nilimwambia. "Maman, daktari amesema ukinawa kwa sabuni inatosha."

"Mikono hii imekamua tangu sijaota meno ya pili," alijibu. "Sabuni gani hiyo?"

Jumapili moja ya juzi tulikuwa tumekaa mlangoni pake. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya bibi yake, ameshika gauni lake mwenyewe, anatazama pale mikono ilipojificha. Anatazama tu. Kisha akanigeukia.

"Maman, Nyogokuru ni hapana?"

Kiswahili cha kuelewa hilo mama mkwe anacho. Niliona uso wake. Aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba, nikasikia maji yakimwagika kwenye beseni. Alikawia. Aliporudi mikono ilikuwa imeoshwa mpaka viwikoni, imekunjamana, vidole vimepauka kwa sabuni. Hakumpelekea mtoto. Alininyooshea mimi, viganja juu, kama tunavyowaonyesha askari mpakani kwamba hatukubeba kitu.

"Angalia," alisema.

Mama wa mume wangu. Nilishika mikono ile nikainusa. Nilinusa kweli, siwezi kudanganya. Ilinuka sabuni. Nikatoa kopo la mafuta ya mgando kwenye mkoba wangu nikamwekea kiasi kiganjani. Akayasugua taratibu, kama zamani, akakaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu na kuacha nafasi katikati.

"Nenda," nilimwambia binti yangu. "Nenda akupake."

"Hapana."

"Nenda, mama. Siyo hapana tena."

Alirudi nyuma mpaka ukutani. Aliweka mikono mdomoni. Mama mkwe alibaki na viganja vyake hewani, mafuta yanayeyuka na kushuka kwenye vifundo, na hakuviteremsha.

Basi nikavua viatu. Nikakaa mimi kwenye ile nafasi, mtu mzima, magoti yangu ya mjusi, mgongo wangu kwa tumbo la mwanamke niliyemwaibisha mbele ya majirani zake. Nikanyoosha mkono.

"Nipake mimi kwanza, Maman."

Vidole vyake vilikuwa na joto. Alianzia kiganjani, akapanda. Nilikuwa nalia, nikamwachia mtoto anione nikilia, ila mkono niliunyoosha mbele kwenye mwanga ili auone vizuri. Yeye alibaki pale ukutani, anaukagua, anangoja kuona kama utawaka.